Kiti cha Nyuma cha Premio

Ijumaa alasiri, barabara inayoteremka kutoka Kericho kupitia Awasi hadi Ahero hujaa magari madogo yenye mizigo mikubwa. Watu wa Nairobi na Nakuru wanakwenda dala, yaani nyumbani kwao: kuna mazishi ya Jumamosi, kuna harambee, kuna mzazi anayetaka kuonwa. Dereva amechoka na safari ya kilomita mia tatu na ushei. Kando yake ameketi shangazi ambaye, kwa umri wake, hakuna wa kumwambia ahamie nyuma. Kiti cha nyuma kina watoto, mabegi na kreti ya soda. Ukitazama jina lililobandikwa kwenye buti, aghalabu ni Premio, au pacha wake Allion.

Kisumu imelizoea gari hili la saluni kiasi kwamba hakuna anayegeuka kulitazama, na ni rahisi kusahau kwamba halikutengenezwa kwa ajili ya barabara hizi. Toyota waliizindua Premio nchini Japani mnamo Desemba 2001, ikirithi Corona, jina lililokuwa barabarani tangu 1957. Allion nayo ilirithi Carina. Toleo la pili lilitoka Juni 2007. Mnunuzi aliyelengwa alikuwa Mjapani wa makamo au mstaafu, mtu anayetaka gari tulivu, la kuingia na kutoka bila kuumiza kiuno, na linaloweza kupita kwenye vichochoro vya mtaa wake. Kanuni za Japani nazo zilimwekea mbunifu mipaka: gari likizidi upana wa mita 1.70, urefu wa mita 4.70 au injini ya lita 2, huhamishiwa daraja la juu. Premio ina upana wa milimita 1,695. Zilibaki milimita tano tu kufika mpaka.

Ugomvi wote wa kiti cha nyuma unatokana na kipimo hicho. Watu wazima wawili hukaa pale kama wageni wa heshima. Akiongezeka wa tatu, mabega yanaanza kugombana, na atakayekuwa katikati atafika Kisumu akiwa amekunja mikono kifuani tangu Nakuru. Lakini kile walichokosa kwa upana walipewa kwa urefu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.70, kwa hiyo hata mtu mrefu, na huku ziwani warefu si haba, hupata pa kuweka magoti.

Kisha kuna jambo ambalo wenye magari wengi hulivumbua kwa bahati: mgongo wa kiti cha nyuma hulazwa. Ukivuta kishikio, unalala nyuzi kadhaa kuelekea buti, kila upande peke yake. Si kitu kikubwa ukikisoma kwenye karatasi. Kwa bibi anayetolewa hospitalini Kisumu kurudishwa Bondo au Kendu Bay, ni tofauti kati ya kufika na kufika akiwa hoi. Urefu wa kiti kutoka chini nao ni wa kumfaa yeye: anageuka, anaketi, anaingiza miguu. Prado humlazimisha apande, na magari ya chini kama Mark X humfanya ajitupe ndani, kisha wajukuu wamvute mkono wakati wa kutoka. Ukimuuliza mwenye Premio kwa nini hajaiuza, hoja ya mafuta na spea itatajwa kwanza, lakini hoja ya mama mzazi haichelewi kufuata.

Kiti hicho hicho kina vishikizo vya chuma vya ISOFIX vya kufungia kiti cha mtoto, vimefichwa kwenye mkunjo kati ya kikalio na mgongo. Ni wachache wanaovitumia. Watoto husafiri wamepakatwa au wamesimama kati ya viti vya mbele, na hapo ndipo gari lenye vifaa vizuri linapokuwa halina maana yoyote.

Kwenye yadi, muuzaji hamwonyeshi mteja kiti cha nyuma. Anamwonyesha kitufe cha kuwashia injini, skrini ya katikati, kamera ya kurudi nyuma na vioo vya pembeni vinavyojikunja. Ndivyo vitu vinavyong'aa, na ndivyo vinavyoanza kuleta maswali baada ya wiki moja.

Swali la kwanza ni sauti ya mwanamke anayezungumza Kijapani kila gari linapowashwa. Si salamu. Ni kile kisanduku cha kulipia barabara za kulipia za Japani, mfumo ulioenea huko kuanzia 2001, kikilalamika kwamba kadi haijaingizwa. Fundi wa umeme hukitoa kwa muda mfupi, ingawa kuna familia zilizomzoea mama huyo na kumwacha aendelee kuongea. Swali la pili ni redio. Masafa ya FM ya Japani yalikuwa kati ya 76 na 90, kwa hiyo Premio iliyokuja na redio yake ya awali haiwezi kuifikia Radio Lake Victoria kwenye 92.1, sembuse stesheni zilizo juu ya 100. Redio zilizotengenezwa baada ya Japani kupanua masafa hayo mwishoni mwa 2014 huenda zikafika 95 na kuendelea, lakini si zote. Dawa ya bei nafuu ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kuyashusha masafa. Hufanya kazi, ila stesheni zinaonekana kwenye skrini kwa namba zisizo zake, na zingine hupandiana.

Ramani ndiyo kichekesho kabisa. Mfumo wa Kijapani haujui kwamba kuna mahali panaitwa Kondele. Betri ikitolewa kwa matengenezo, skrini zingine hujifunga na kudai kadi yake au namba ya siri ambayo ilibaki kwa mwenye gari wa kwanza, huko Osaka au Nagoya. Ndiyo maana wengi huing'oa na kuweka skrini ya Android, ambayo huleta ramani ya simu, nyimbo na kamera kwa pamoja. Si uamuzi mbaya, mradi waya zisikatwe ovyo. Matatizo mengi ya umeme ambayo hulaumiwa "gari la mtumba" huanzia siku ile redio ilipobadilishwa.

Magari yaliyotoka kuanzia Juni 2016, yale yenye uso mpana wa kromu, yaliletwa na kitu cha maana zaidi: kamera nyuma ya kioo cha mbele, inayotazama gari lililo mbele na mistari ya barabara. Likikaribia kugonga, linaonya na kufunga breki. Tatizo ni kwamba kioo cha mbele ndicho kinachopigwa kokoto na malori ya Kericho. Kikibadilishwa, kamera inapaswa kupimwa na kuelekezwa upya, na si kila fundi wa vioo ana vifaa vya kazi hiyo. Onyo la kuhama mstari nalo lina lake: barabara isiyo na mistari hulinyamazisha kabisa. Mtu anayelipa nyongeza kwa ajili ya teknolojia hiyo afanye hivyo kwa sababu ya breki, si kwa sababu ya mistari.

Mjini penyewe, kifaa kinachozipita skrini zote ni kiyoyozi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini joto lake ni la bondeni, na gari lililoachwa juani Oginga Odinga Street tangu asubuhi haliingiliki saa nane. Kiyoyozi cha Premio kina nguvu ya kutosha kwa nafasi yake. Kinachokipunguzia makali ni mambo mawili ambayo hayagharimu sana kurekebisha. La kwanza ni chujio la hewa ya ndani, lililo nyuma ya kijaluba cha mbele ya abiria. Kuna magari ambayo chujio lake halijabadilishwa tangu yashuke melini, na mwenyewe ameshaongeza gesi mara mbili akidhani tatizo liko huko.

La pili ni ziwa lenyewe. Wadudu wa ziwa huinuka juu ya maji kama moshi, upepo ukiwageuza huja nchi kavu, na dereva anayetoka Dunga au anayepita Kisian jioni huwakusanya kwa maelfu. Kioo cha mbele huoshwa, kwa sababu kinaonekana. Kondensa ya kiyoyozi iko mbele ya rejeta, nyuma ya nyavu za bampa, na hapo wadudu hukauka wakashikana na vumbi hadi hewa isipite. Kuisafisha kwa maji ya nguvu ndogo, yasiyopinda mapezi yake, huirudishia baridi. Wanaoosha magari kando ya ziwa huwa na pampu zenye nguvu kupita kiasi. Ni heri kuwaambia mapema.

Kiyoyozi hicho hicho kina kazi nyingine njiani. Anayeondoka Ahero akiwa na jasho hukuta ukungu na mvua Kericho, na vioo hufifia kwa pumzi za watu watano. Wengi hukizima wakiona baridi imeingia, kumbe ndicho kinachokausha hewa. Kiwashwe, kielekezwe kwenye kioo, na joto liongezwe kidogo.

Mlima huo wa Kericho pia ndio mtihani wa injini. Premio ya lita 1.5 ina sentimita za ujazo 1,496, na kipimo hicho kina faida Mombasa kuliko mlimani: ushuru wa bidhaa nchini Kenya ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1,500 na asilimia 25 kwa inayozidi. Ndiyo sababu injini hiyo imejaa mjini. Kwa safari za Milimani hadi kazini, Kibuye sokoni na shule, haina lawama. Ikiwa na watu watano, buti lililojaa na kiyoyozi, hupanda kwa kelele. Kelele hiyo huwatia wengine wasiwasi bure. Gia ya CVT haina hatua za kubadilika kama gia za zamani. Huishikilia injini kwenye mzunguko mmoja mrefu huku mwendo ukiongezeka polepole. Injini ya 1.8, yenye nguvu za farasi zaidi ya 140 dhidi ya takriban 110 za ndugu yake, hupanda ikiwa imetulia zaidi. Kwa familia inayokwenda Nairobi kila mwezi, hiyo ndiyo ya kununua, hata kama ushuru umeongezeka. Anayezunguka mjini tu asijisumbue.

CVT hiyo ina sharti moja, nalo halina mjadala: mafuta yake ni ya aina yake. Fundi akimimina mafuta ya gia ya kawaida ya otomatiki kwa kuwa "yote ni mekundu", gari litaanza kuvuta kwa mshtuko, na bei ya kurekebisha ni ya kumliza mtu. Kuhusu Premio za zamani za lita 2 zenye injini ya D-4, inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mafundi wengi huwashauri wateja wazipite. Huchagua mafuta na hukusanya masizi.

Sasa chini ya gari. Premio iko sentimita 16 hivi kutoka ardhini, na matuta ya njia ya Kisumu kwenda Busia hayakujengwa na mtu aliyekuwa na kipimo hicho akilini. Likijaa watu, gari hushuka zaidi na sehemu ya kati husugua. Kuingia kwenye kivuko cha Luanda Kotieno kwenda Mbita ni hesabu nyingine: bampa ya mbele huweza kugusa ukingo kabla tairi hazijafika. Kwa hiyo karibu kila mwenye gari hapa hushauriwa kuweka spesa, vile vipande vya raba au chuma vinavyoinua springi.

Spesa hutatua jambo moja na kuharibu jingine. Nyembamba, yenye kimo cha wastani, haina ubaya. Zile nene huifanya mihimili inayozungusha magurudumu ya mbele ikae kwa pembe isiyo yake, raba zake hupasuka, na shoksi hufika mwisho wa mwendo wake kila shimo. Hapo ule ulaini ambao mtu aliununua unakuwa umekwisha. Gari lililoinuliwa hivyo likivishwa rimu za inchi 17 zenye tairi nyembamba, abiria wa nyuma ndiye anayelipa. Tairi za awali ni 185/65 au 195/65 za rimu ya inchi 15. Ule unene wa mpira pembeni ni sehemu ya springi. Ikumbukwe pia kwamba magurudumu ya nyuma yameunganishwa kwa boriti moja inayojisokota. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia hupata habari.

Wazee wa Kisumu wana kipimo chao cha mambo haya, nacho ni Peugeot 504. Ilikuwa ikiunganishwa Mombasa, ikatumika kama gari la mkurugenzi, la daktari na la abiria, na ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, baada ya 404 kushinda 1963 na mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Springi zake zilikuwa na mwendo mrefu na viti vyake vilikuwa kochi. Mtu aliyekulia nyuma ya 504 hatakubali kwamba Premio ni laini, na kwa barabara ya mashimo ana haki. Lakini 504 haikuwa na kiyoyozi cha kumtoa mtu Ahero, na haikujua kulala nyumbani miezi mitatu bila kuguswa, kisha iwake siku ya safari kwa jaribio la kwanza.

Buti la Premio lina sifa nzuri. Viti vya nyuma hukunjwa kwa mafungu mawili, na nafasi ile hula gunia la mchele wa Ahero, mikungu ya ndizi na masanduku ya wanafunzi. Shida yake ni samaki. Omena huacha harufu ndani ya zulia ambayo sabuni haiitambui, na mbuta aliyefungwa kwa barafu huvujisha maji hadi kwenye shimo la gurudumu la akiba, mahali pasipofunuliwa hadi pancha itokee. Chumvi na unyevu vikikaa huko, bati huanza kushika kutu kimyakimya. Zulia la plastiki lenye kingo zilizoinuka, linalouzwa popote panapouzwa sitkava, ni ununuzi bora kuliko taa za rangi.

Maji ya mafuriko ni jambo zito zaidi. Nyanda za Kano hufurika mto Nyando unapovunja kingo, na mwaka 2020 na 2024 ziwa lenyewe lilipanda hadi likaingia fukwe za Dunga. Gari lililopita kwenye maji ya kufika milangoni linaweza kuwaka na kwenda, kisha miezi baadaye viunganishi vya waya vilivyo chini ya zulia vikaanza kushika kutu: taa ya mifuko ya hewa ikawaka, dirisha likakataa kushuka. Anayenunua gari lililotumika hapa hapa nchini ainue zulia la mbele na anuse. Pua haitapeliwi na ung'arishaji.

Wapinzani wapo. Nissan Sylphy ina nafasi pana ya magoti na kiti laini pengine kuliko Premio, na husemwa vibaya zaidi kuliko inavyostahili. Mark X ina injini ya V6 ya lita 2.5 na huvutia vijana, lakini ni ya chini na ina kiu. Probox, inayobeba abiria Kisumu na vitongoji vyake hadi mpakani, huvumilia kila kitu isipokuwa mgongo wa aliyekaa nyuma, kwa kuwa kiti chake kiliundwa kwa ajili ya mzigo.

Saa ya kuchagua kati yao inakaribia kwisha kwa njia nyingine. Uzalishaji wa Mark X ulikoma 2019, Sylphy ikaondoka soko la Japani 2020, na Premio na Allion zikafungwa Machi 2021. Kenya hairuhusu gari lililosajiliwa zaidi ya miaka minane iliyopita kuingia, na kila Januari mwaka mmoja hukatwa: 2026 ni magari ya 2019 kwenda mbele, 2027 ni ya 2020. Premio za mwisho kabisa, zile zilizosajiliwa Japani mwaka 2021, zitakuwa na hadi Desemba 2028 kushuka Mombasa. Baada ya hapo zitakazokuwepo ni zile zilizokwisha kuwa na namba za hapa, zikipita mkono wa pili, wa tatu na wa nne, na fundi wa viti atakuwa ndiye mtu wa kwanza wa kutafutwa baada ya kununua.